Simu ndogo ya mwaka 2016 na Android 11 ya elfu thelathini

"Habari za Tabora, fundi. Mimi nachuuza dagaa na migebuka hapa Kibirizi, Kigoma. Simu yangu ni ndogo ya kupangusa, nilinunua mwaka 2016. Ukifungua Kuhusu simu inaandika Android 4.4.2, RAM MB 512, nafasi GB 4. Miezi miwili sasa WhatsApp imegoma kufunguka, inasema simu hii haitumiki tena. Wateja wangu wa Tabora na Mpanda wanaleta oda humo, na madeni yote niliyaandika humo. Fundi wa hapa Mwanga anasema ataiflashi, yaani afute mfumo wake na kuweka mwingine, aweke Android 11 kwa shilingi 30,000, itakuwa nyepesi kama mpya. Mpwa wangu anasema Android ni ya bure na inaingia simu yoyote, kwa hiyo haiwezi kushindikana, mbona kompyuta ya shuleni kwao iliwekwa Windows mpya kwa flashi moja tu? Mdogo wangu yeye anasema niachane nayo nichukue kitochi chenye WhatsApp. Nimsikilize nani? Na hela zangu za kwenye simu si zitafutika? Nisaidie kabla sijatoa hela."

Dada yangu, hiyo elfu thelathini usiitoe kwanza. Simu iache kama ilivyo, na WhatsApp usiiondoe hata kama haifunguki. Sababu nitazieleza, ila nianze na hela, maana naona ndizo zinazokunyima usingizi.

Hela zako hazimo kwenye simu. Unapopiga *150*00#, au namba ya mtandao mwingine unaoutumia, simu haifungui programu yoyote iliyomo ndani yake. Inapeleka tarakimu hizo kwenye mitambo ya kampuni ya simu, mitambo inarudisha maandishi yasiyozidi herufi 182 kwa mara moja, wewe unajibu 1 au 2, na mazungumzo yanaendelea hivyo mpaka mwisho. Programu yote iko kwao, simu yako inaonyesha maandishi tu. Ndiyo maana menyu ileile inafunguka kwenye kitochi na kwenye simu ya milioni mbili. Kwa miaka niliyokaa kwenye kazi hii sijaona mfumo unaoingia kila simu kama huo. Salio linafuata namba yako na namba yako ya siri. Simu ikifa leo, unahamisha laini kwenye simu nyingine na hela unazikuta. Unapomwachia fundi simu, toa laini ubaki nayo, na namba ya siri asiijue.

Sasa mpwa wako. Hajakosea, ila amesema nusu. Android kweli ni mfumo wa wazi. Simu ya kwanza yenye Android iliuzwa mwaka 2008, na tangu hapo kiwanda chochote kinaruhusiwa kuchukua msimbo wake bila kulipia, kikaukata na kuushona kulingana na kifaa chake. Kwa sababu hiyo unaikuta kwenye televisheni, kwenye saa za mkononi, kwenye mashine za kulipia kwa kadi, na kwenye simu ndogo kama yako. Kukubali kwake kurekebishwa ndiko kulikoifikisha huko kote. Lakini anayeirekebisha ni kiwanda, na anairekebisha kwa ajili ya simu moja, kisha kazi inaishia hapo. Faili linalotoka mwishoni ni la simu hiyo tu.

Chini kabisa ya Android kuna keneli, yaani ule moyo wa Linux unaozungumza na vyuma: kioo, kamera, spika, antena, betri. Keneli haiwezi kuzungumza na chuma isichokifahamu. Inahitaji draiva, yaani programu ndogo ya kuitafsiria chuma hicho, na draiva nyingi za simu zinatoka kwa mtengenezaji wa chipu, ule ubongo wa simu, ambaye mara nyingi hatoi msimbo wake. Anatoa faili lililokwisha kufungwa, linalofanya kazi na keneli ya wakati ule. Mwenye chipu akiacha kuihudumia, na simu za bei ya chini huachwa mapema, hakuna mtu wa kutengeneza draiva za Android mpya kwa chipu hiyo. Msimbo wa Android 11 upo, na ni wa bure kama alivyosema kijana. Kinachokosekana ni kile kipande cha katikati kinachoufungamanisha na simu yako.

Wewe na mimi ni watu wa reli, kwa hiyo nitakwambia hivi. Treni inayokuletea magunia Tabora inapita kwenye reli ya upana wa mita moja. Reli mpya ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Abiria ni walewale na mizigo ni ileile, lakini behewa la huku halitembei kule mpaka libadilishiwe magurudumu, na magurudumu hayo lazima kuwe na karakana ya kuyachonga. Kwa simu yako karakana hiyo ilishafungwa.

Na ile kompyuta ya shule? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na si kosa lao. Kwenye ubao wa kompyuta kuna programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, na kazi yake mojawapo ni kuutambulisha ubao kwa mfumo wowote unaokuja: diski iko hapa, kibodi iko pale, kioo kiko huku. Windows yenyewe nayo inakuja na draiva nyingi tumboni, inachagua inayofaa. Kwa hiyo flashi moja inaingia kompyuta za makampuni kumi. Simu za aina yako hazina wa kuzitambulisha hivyo. Orodha ya vyuma imeandikwa kiwandani ndani ya mfumo wenyewe, kwa ajili ya ubao ule tu. Ukiweka mfumo wenye orodha ya ubao mwingine, simu inaamka gizani.

Hilo nililiona kwa macho yangu, na lilinigharimu. Mfugaji nyuki mmoja wa Sikonge aliniletea simu iliyokuwa inaganda kwenye nembo. Nikatafuta faili la jina lilelile la simu, namba ileile ya modeli, nikaliweka. Ilipomaliza nikaiwasha. Ikatetema, ule mlio wa kuwaka ukasikika vizuri kabisa, lakini kioo kikabaki cheupe kama karatasi. Nikachukua simu yangu nikampigia, ikaita juu ya meza huku kioo ni cheupe vilevile. Mfumo ulikuwa mzima. Kumbe kiwanda kilitoa modeli hiyo mara mbili, kila toleo na kioo chake, na faili nililoweka lilikuwa na draiva ya kioo kingine. Kioo nilikuja kukirudisha baada ya siku mbili za kuhangaika. Kisichorudi ni namba za wanunuzi wake wa asali, alizokuwa amezihifadhi kwenye simu badala ya laini. Tangu siku hiyo sigusi simu ya mtu kabla sijanakili kilichomo, na faili la jina linalofanana silihesabu kuwa ni faili lake.

Ni kweli kwamba Google waliliona tatizo hili. Kuanzia Android 8, mwaka 2017, walitenganisha sehemu ya mwenye chipu na sehemu ya Android yenyewe, kwa mpango walioupa jina Treble. Simu zilizotoka kiwandani na Android 8 au zaidi zinaweza, nyingi kati yake, kuwekewa mfumo mpya juu bila kugusa draiva za chini. Mpwa wako huenda alisoma habari za simu hizo. Yako ilitoka na 4.4, toleo la mwaka 2013, kabla ya utengano huo.

Tuseme basi kwa muujiza draiva zimepatikana. Bado RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni MB 512, na RAM ni kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye ubao. Kuflashi hakuongezi hata MB moja. Zile simu mpya zinazoandika "RAM ya ziada" zinaazima nafasi ya kuhifadhia picha na kuitumia kama RAM, na nafasi hiyo ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM yenyewe. Google wana toleo jepesi la Android kwa ajili ya simu ndogo, linaitwa Android Go, lililoanza na Android 8.1 mwishoni mwa mwaka 2017. Mwanzoni lilikubali MB 512. Kufika Android 13 kiwango cha chini kilikuwa GB 2. Hata toleo jepesi lilishaiacha simu yako nyuma. Na kwa GB 4 za nafasi, Android 11 ingekumalizia nyumba nzima kabla hujaweka picha moja ya dagaa.

Nani basi anayeweza kukuwekea Android 11 kwa elfu thelathini? Simfahamu fundi wako na siwezi kumtuhumu. Inawezekana anaamini anachosema. Lakini kuna mchezo ambao lazima uujue. Jina la toleo unalolisoma kwenye Kuhusu simu linatoka kwenye faili dogo la maandishi ndani ya mfumo. Mtu mwenye kompyuta na kebo anaweza kufuta 4.4.2 akaandika 11, akabadili picha ya ukutani na alama za programu, akakurudishia simu iliyo ileile ndani. WhatsApp itaendelea kugoma, maana haisomi maandishi hayo. Inategemea kilichomo.

Kuna namna ya kupima. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, kisha gonga kwa haraka, mara nne au tano mfululizo, juu ya mstari ulioandikwa Toleo la Android. Kwenye 4.4 kwa kawaida hutokea herufi K kubwa katikati ya kioo. Kwenye Android 11 ya kweli hutokea duara kama kitufe cha sauti cha redio, ukikizungusha mpaka mwisho mara kadhaa inajitokeza namba 11. Simu iliyoandikwa 11 huku ikikuonyesha K imepakwa rangi tu.

Jambo la pili la hatari ni IMEI, ile namba ya kuitambulisha simu unayoiona ukipiga *#06#. Kwenye simu nyingi za bei ya chini IMEI inakaa kwenye kisehemu kidogo cha kumbukumbu pamoja na vipimo vya antena. Fundi akichagua kufuta kila kitu ndipo aweke upya, kisehemu hicho kinafutika, na simu inaamka ikisema IMEI batili, haishiki mtandao. Baadhi ya watu huirudisha kwa kuandika namba ya simu nyingine. Usikubali. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kuchezea namba hiyo, na bila shaka unakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walipozizima simu zisizo halali. Kabla ya kumpa mtu yeyote simu aiflashi, piga *#06# uziandike namba zote kwenye daftari.

Tuje kwenye unachokitafuta hasa, maana nikisoma swali lako naona Android 11 si shida yako. Unataka oda zirudi na madeni yasipotee.

WhatsApp iliacha kuzihudumia simu za chini ya Android 5.0 kuanzia tarehe 1 Januari 2025. Hawakukulenga wewe. Kila kipya wanachoongeza, hasa cha usalama, kinadai vitu ambavyo mifumo ya zamani haina. Lakini meseji zako bado zimo. Kila siku saa nane usiku WhatsApp ilikuwa inajitengenezea nakala na kuiweka kwenye folda iitwayo WhatsApp, ndani yake folda ya Databases. Faili hizo zimefungwa kwa ufunguo, huwezi kuzisoma kama daftari, ila simu nyingine yenye namba yako ileile mara nyingi huzifungua.

Kuna saa inayohesabu, hata hivyo, na ndiyo sababu nimekujibu kwa haraka. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 hufutwa kwa kawaida. Umeshakaa miezi miwili, kwa hiyo nusu ya muda imekwenda. Ikifutwa, unatoka kwenye kundi la wateja na nakala zako zinaweza kukosa wa kuzifungua.

Kunakili folda hiyo ni kazi ambayo ningependa umpe yule fundi wa Mwanga, mkiwa mmekaa pamoja na wewe unatazama. Mwambie: chomeka simu kwenye kompyuta kwa kebo, nakili folda nzima ya WhatsApp, na folda ya picha iitwayo DCIM, viweke kwenye memori kadi au flashi yangu. Ni kazi ya muda mfupi na malipo yake ni madogo, ni halali ya jasho lake. Majina yaliyohifadhiwa kwenye simu nayo ayatoe yawe faili, siyo kuyasogeza kwenye laini peke yake, maana laini inabeba majina machache na inakata yale marefu.

Folda ikishakuwa salama, una njia ya kuanza kupokea oda leo bila kununua kitu. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp inaruhusu namba mbili kwenye simu moja ya Android. Kama mpwa wako ana simu inayofaa na anakaa karibu, aongeze namba yako kama akaunti ya pili. Ile namba ya tarakimu sita ya uthibitisho itakuja kwa meseji ya kawaida kwenye simu yako hiyohiyo ya zamani, wewe unamsomea yeye tu na si mtu mwingine yeyote. Utarudi kundini na wateja watakuona. Si pa kukaa siku zote, maana biashara yako itakuwa mfukoni mwa mtu, lakini inasimamisha ile saa ya siku 120.

Kuhusu kitochi chenye WhatsApp, mdogo wako angekuwa sahihi miaka michache iliyopita. Vitochi hivyo vinatumia mfumo uitwao KaiOS, uliotokana na Firefox OS ya Mozilla. Ni kazi nzuri sana, na mimi niliipenda: programu zake zimeandikwa kwa lugha zilezile za kurasa za intaneti, kwa hiyo zinatosha kwenye simu ya batani yenye RAM ndogo kama yako, na betri inakaa. Ila kuanzia mwishoni mwa Juni 2024 huwezi tena kupakua WhatsApp upya kwenye KaiOS, na waliokuwa nayo walipewa mpaka mwanzoni mwa 2025. Muuzaji akikwambia ina WhatsApp, anakuuzia jina lililobaki kwenye boksi. Kwa kupiga, redio, tochi na kutuma hela kitochi ni kizuri. Kwa oda zako hakifai.

Utasikia pia habari za LineageOS, mfumo unaotengenezwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya simu zilizoachwa na viwanda. Nimeutumia na nauamini, kwa simu zilizomo kwenye orodha yao. Simu ndogo za bei ya chini zenye MB 512 hazimo, kwa sababu ileile ya draiva.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba elfu thelathini iwe mwanzo wa akiba ya simu nyingine. Usitafute kubwa. Tafuta yenye RAM ya GB 2 au zaidi, nafasi GB 32, Android 13 kwenda juu, hata ikiwa ni toleo la Go. Ukipata ya mkononi kwa mtu, usinunue njiani. Kaa naye, piga *#06#, tuma IMEI kwenda 15090 usome jibu kama jina la simu linalorudi ndilo lililoandikwa mgongoni. Kisha mwambie aondoe akaunti yake ya Google na kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani mbele yako, uiwashe mpaka mwisho. Ikiomba akaunti ya mwenye nayo wa zamani, mrudishie. Kwenye simu mpya, weka WhatsApp bila kuifungua, ingiza ile folda mahali pake, ndani ya Android, media, com.whatsapp, ndipo uifungue uandike namba yako. Ikikuuliza kama urejeshe nakala, kubali. Hapo ndipo watu hubonyeza Ruka kwa haraka, na nafasi hiyo hairudi kirahisi.

Ya zamani usiitupe. Itakufaa kwa kupiga na kutuma hela. Kwa intaneti itakusumbua: tovuti nyingi zinatumia vyeti vya usalama ambavyo Android ilianza kuvitambua kuanzia 7.1.1, kwa hiyo utaona onyo kwamba muunganisho si salama hata bando likiwepo. Tarehe ya simu ikiwa imekosewa nayo huleta onyo hilohilo, itazame kwanza. Opera Mini husaidia kiasi, kwa kuwa kurasa zinapikwa kwenye mitambo yao na simu inapokea zilizopunguzwa. Nywila ya benki usiiandike humo, mfumo huo haupati marekebisho ya usalama siku nyingi.

Mlete mtu wa kuitazama ana kwa ana, au ipeleke mwenyewe, kama betri imevimba na mfuniko unainuka (hiyo usiichaji tena hata mara moja), kama simu inazima kabla haijafika kwenye nembo, au kama imeshaanza kusema IMEI batili. Hayo siwezi kuyatibu kwa maandishi. Na kama fundi atasisitiza kwamba faili la Android 11 la simu yako analo kweli, mwombe akuonyeshe simu nyingine ya modeli hiyohiyo aliyoiwekea, igonge mara tano pale kwenye toleo, utazame kinachotokea.

Madeni uyaandike daftarini mara tu yatakapofunguka.